Upotevu Wenye Anwani

Siku Mzee Mfaume Shomvi alipoanguka koridoni mwake, taifa lilikuwa limeshaokoa balbu yake moja.

Ilikuwa saa moja jioni, siku ya nane tangu balbu ile ichukuliwe. Mkewe, Bi Mwasiti, alikuwa na homa, na mzee alikuwa anatoka uani na ndoo ya maji ya moto ili amkande. Katika kiza cha korido hakukiona kizingiti alichokijenga kwa mikono yake mwenyewe miaka ishirini na sita nyuma. Ndoo ilitangulia, yeye akafuata. Bi Mwasiti alisikia maji kwanza.

"Fundi," aliita kutoka kitandani, maana ndivyo alivyomwita tangu ujana wao, "umemwaga?"

Hakujibiwa. Mpaka leo anasema kwamba kutokuwepo kwa mumewe hakukuanza makaburini. Kulianza na swali lile.

Afisa wa mtaa alifika msibani asubuhi yake na taarifa rasmi. Taarifa ilisema kwamba Serikali imesikitishwa, kwamba uchunguzi umekamilika, na kwamba hakuna wa kulaumiwa. Ilikuwa imechapwa mwezi mmoja kabla, ikaachwa nafasi ya kujaza jina. Watu waliona namna Serikali yao inavyojiandaa mapema, wakatikisa vichwa.

*

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Ilikuwa na bwawa kubwa milimani, na kutoka bwawani umeme ulisafiri kwa nyaya ndefu hadi mijini. Mzee Mfaume alikuwa fundi wa laini wa Shirika la Umeme kwa miaka thelathini na moja, na alijua safari ile kuliko alivyojua safari ya kwenda sokoni. Mtu akimuuliza kwa nini umeme hautoshi, alikuwa akipanga vikombe kumi mezani.

"Hivi kumi vimetoka bwawani," alikuwa akisema, halafu anaviondoa vinne. "Hivi vimemwagika njiani. Sisi tunachota maji kwa pakacha, kisha tunamgombeza mtoto kwa kunywa."

Sehemu kubwa ilimwagika Kilima cha Nguchiro. Pale miti ilikuwa imeota ikazipita nyaya, matawi yakazikumbatia, na siku za mvua kilima kizima kilinguruma kama jiko la mkaa linalopulizwa. Ndege hawakutua. Mbuzi walikipita mbali. Kila Jumatatu, kwa miaka kumi na moja, Mzee Mfaume aliliandikia Shirika barua kuomba misumeno miwili ya kukatia matawi. Kila Ijumaa alipata jibu lenye neno moja: Tumepokea.

Hata hivyo, Shirika halikulala. Lilipoona upungufu umezidi, liliunda Kampeni ya Taifa ya Kuzima, na Wizara ikabadilishwa jina, ikawa Wizara ya Nishati na Uzimaji. Redio ilitangaza kila baada ya nusu saa: "Ndugu mwananchi, unapoacha taa inawaka, unamnyima mtoto wa mwenzako mwanga!" Ili tangazo liwafikie wote, vipaza sauti vilifungwa kwenye kila nguzo, vikaachwa vinanguruma hata pale visipokuwa na la kusema.

Kisha wakaja Wakaguzi wa Mwanga. Hawa walikuwa vijana nadhifu, waliofundishwa kwa miezi sita kupima balbu kwa mgongo wa mkono, kama mama anavyopima homa. Balbu ikiwa na joto, mwenye nyumba alijieleza. Taa za nyumbani ziligawanywa mafungu mawili, za lazima na za anasa. Taa ya korido ilitiwa kwenye anasa, kwa hoja kwamba kila mtu anaijua nyumba yake.

Mkuu wao katika mtaa ule alikuwa Afisa Lugendo, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Ndiye aliyepanda kwenye kigoda akaifungua balbu ya Mzee Mfaume, akaifunga kwenye kitambaa kama yai.

"Mzee, wewe ni mtu wa Shirika," alisema. "Toa mfano."

"Mfano nautoa," alijibu Mzee Mfaume. "Na Kilima cha Nguchiro je?"

"Hilo liko ngazi za juu, mzee."

"Kweli kabisa. Liko juu ya miti."

Siku nane baadaye mfano ulikuwa umetolewa.

*

Katika mji ule kulikuwa na desturi ya taa ya msiba. Mtu akifa, pale alipopita mara ya mwisho huachwa taa inawaka usiku na mchana kwa siku arubaini. Wazee walisema ni ili aliyeondoka asijikwae, na wanaokuja kuhani wasikosee mlango. Zamani ilikuwa taa ya mafuta, sasa balbu. Hakuna aliyewahi kuivunja desturi hiyo, hata wagomvi.

Bi Mwasiti hakuhitaji kuulizwa taa iwekwe wapi. Alimtuma jirani yake, Bi Siwema, dukani kununua balbu ya wati tisa, akapanda mwenyewe juu ya kigoda kilekile, akaifunga koridoni, akaiwasha. Maji yalikuwa yameshakauka. Alama ya ndoo ilibaki sakafuni.

"Shoga, watakuja," Bi Siwema alimwonya. Huyu alikuwa mwanamke wa maneno mengi na moyo mpana, aliyekuwa akiuza vitumbua na kusema ukweli, viwili vyote kwa bei nafuu. "Hawa wana pua ya mwanga. Watakunusa."

"Waje. Nimebakiwa na siku arubaini tu za kumfanyia kitu. Nitamfanyia."

Walikuja siku ya kumi na mbili, adhuhuri, magari manne yamewasha taa zote za mbele. Afisa Lugendo aliingia, akaisogelea balbu, akaigusa kwa mgongo wa mkono. Akautoa haraka.

"Ina homa," alimwambia msaidizi wake, naye akaandika.

"Ni taa ya msiba, mwanangu," alisema Bi Mwasiti. "Unaijua. Kwenu pia mnawasha."

"Naijua, mama, na pole sana. Lakini kupoteza umeme ni msiba wa kujitakia, na msiba wa kujitakia hauna kilio."

"Huu wangu sikujitakia. Huu uliletwa na mtu, kapanda kigoda changu, kaondoka na balbu kwenye kitambaa."

Afisa Lugendo alizitazama kalamu zake. Halafu akafanya kile ambacho afisa yeyote wa nchi ile angefanya akikosa jibu: akapima. Msaidizi alikwenda kusoma mita, akarudi, wakanong'onezana, wakapiga simu. Simu ile ilipita ngazi saba, na kila ngazi ilifurahi kuliko iliyotangulia.

Ilikuwa hivi. Kwa miaka kumi na moja Shirika liliulizwa na Bunge upotevu uko wapi, na kila mwaka likajibu kwamba upo. Sasa, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, upotevu ulikuwa umepatikana mahali panapofikika kwa gari. Ulikuwa na jina, ulikuwa na mtaa, ulikuwa na namba ya nyumba: kumi na nne.

*

Siku ya ishirini na tano Bi Mwasiti alipelekwa makao makuu kusikilizwa. Barabara ya kuingia mji mkuu ilikuwa na taa mia sita, zote zinawaka juani. Dereva alimweleza kwamba swichi yake iko katika chumba kilichofungwa, na mwenye ufunguo yuko ng'ambo anasomea ubanaji wa matumizi.

Jengo la Wizara lilikuwa na ghorofa kumi na nane, na mapazia mazito yalishushwa mchana kutwa ili jua lisichujushe mazulia. Kwa hiyo taa ziliwashwa. Taa zilileta joto, kwa hiyo viyoyozi viliwashwa. Viyoyozi vilileta baridi, kwa hiyo chini ya kila meza kulikuwa na hita ya miguu. Maofisa walivaa makoti na skafu, na mmoja aliyemletea Bi Mwasiti chai alikuwa na glavu. Mlangoni kulikuwa na kibao cha umeme chenye maandishi yanayopepesa: ZIMA MOJA, OKOA TAIFA.

Mheshimiwa Waziri mwenyewe aliongoza kikao.

"Mama," alianza, kwa sauti ya mtu aliyezoea vipaza sauti, "taifa hili lina kiu ya mwanga, nawe unauchezea. Unakiri kwamba taa yako inawaka mchana?"

Bi Mwasiti aliinua macho darini, akahesabu mpaka akachoka. "Inawaka, Mheshimiwa. Moja."

"Moja! Mmesikia? Hata haya hana!" Ukumbi ulipiga makofi, glavu zikatoa mlio wa mito inayokung'utwa.

"Mume wangu alikuwa fundi wenu," Bi Mwasiti aliendelea, hainui wala hashushi sauti. "Alisema kati ya vikombe kumi, vinne vinamwagika Kilima cha Nguchiro. Aliwaandikia. Majibu yenu ninayo sandukuni, makaratasi mia tano na zaidi. Mkiikata ile miti, taa yangu haitawatia njaa."

Mkurugenzi wa Shirika alisimama. Alikuwa mtu msomi, na alilieleza jambo hilo kwa upole, kama mtu anayemfunza mtoto kufunga viatu.

"Tatizo, mama, ni kwamba miti haina anwani. Mti huwezi kuuandikia barua. Mti huwezi kuuita kikaoni. Ukiukagua, hauna kitambulisho. Wewe una anwani. Katika utawala bora, upotevu lazima uwe mahali ambapo barua inafika."

Ikaamuliwa kwamba balbu ya nyumba namba kumi na nne itazimwa rasmi na Mheshimiwa Waziri, mbele ya taifa. Mpaka siku hiyo balbu ilikuwa kielelezo, na kwa mujibu wa sheria kielelezo hakiguswi. Wawekwe walinzi wawili kuhakikisha haizimwi.

Bi Mwasiti hakuamini masikio yake. "Siku hiyo ni lini?"

Walifungua kitabu cha ratiba. Mheshimiwa alikuwa na nafasi siku ya thelathini na saba ya msiba.

"Naomba siku tatu," alisema. "Arubaini ikitimia nitaizima mwenyewe, kwa mkono wangu. Hamtahitaji kuja. Siku tatu tu, wanangu."

"Siku tatu!" Waziri aliguna. "Mama, unajua siku tatu ni umeme kiasi gani?"

Hakuna aliyejua. Hita ziliendelea kuvuma chini ya meza.

*

Mheshimiwa hakuweza kwenda mtaani kwa sababu mtaa haukuwa na uwanja. Kwa hiyo iliamuliwa aizime balbu akiwa mji mkuu, kwa kubonyeza kitufe, na kwa ajili hiyo ukavutwa waya maalumu wa kilomita mia moja na arubaini kutoka koridoni kwa Bi Mwasiti hadi jukwaani. Wafanyakazi mia tatu waliumaliza kwa siku tisa. Nguzo mpya hazikuwepo, hivyo waliufunga kwenye zile za zamani. Kilima cha Nguchiro, ambako nguzo hazikuonekana kwa majani, waliufunga kwenye miti.

Ngwali, kijana aliyefundishwa kazi na Mzee Mfaume, alikuwa mmoja wao. Alipita kumsalimu mjane.

"Shikamoo mama. Nimeona kilima. Hali si nzuri."

"Marahaba. Uliwaambia?"

"Niliwaambia. Msimamizi kasema niandike barua."

Walinzi wawili walikaa koridoni na feni, redio na birika la umeme, wakiilinda balbu ya wati tisa. Bi Siwema alipowapelekea vitumbua aliwauliza kama hiyo feni nayo ni kielelezo. Walisema ni kitendea kazi.

"Haya," alisema. "Na mimi huu ulimi wangu ni kitendea kazi. Kuleni, msije mkasema mjane kawaua kwa njaa."

Kila asubuhi Bi Mwasiti alipiga mstari mmoja wa mkaa kwenye ukuta wa korido. Mmoja wa walinzi, aliyefiwa na mama yake mwaka uleule, alianza kumkumbusha pale anaposahau. Mstari wa thelathini na sita waliupiga pamoja.

*

Siku ya thelathini na saba, saa sita mchana, uwanja wa taifa ulifunikwa juu kwa maturubai meusi ili giza lionekane. Halafu zikawashwa taa kubwa arubaini na nane ili wananchi walione giza hilo vizuri. Televisheni kubwa ilionyesha korido ya Bi Mwasiti: ukuta, mistari ya mkaa, balbu. Yeye alisimama chini yake na kanga yake ya msiba. Aliambiwa asogee kwani anaziba picha. Hakusogea.

"Ndugu wananchi!" Waziri alinguruma. "Kwa miaka kumi na moja tumemtafuta adui. Tulimtafuta bwawani, hayupo! Tulimtafuta maofisini, hayupo! Kumbe alikuwa amejibanza koridoni, anajidai mfiwa! Leo namzima. Na nikimzima huyu, viwanda vitaunguruma, hospitali zitang'aa, watoto watasoma!"

Bendi ilipiga. Fataki za umeme zikapaa. Nchi nzima ilikuwa imewasha televisheni, maana kuitazama sherehe ya kuzima kulikuwa lazima kisheria. Umeme wote uliobaki nchini, vile vikombe sita, ulikimbilia uwanjani, na Mheshimiwa akaweka kidole chake juu ya kitufe chekundu.

Kilichotokea Kilima cha Nguchiro Ngwali alikiona kwa macho yake. Anasema waya mpya uling'aa kama ukucha wa moto, mti wa kwanza ukapasuka, wa pili ukaupokea, na kishindo kikashuka bondeni hadi kwenye kituo kikuu. Kisha, anasema, kilima kilinyamaza. Hakuwa amewahi kukisikia kimya tangu aajiriwe.

Uwanja ukazimika. Bendi ikapiga kidogo, ikapotezana. Barabara ya taa mia sita ikazimika. Ghorofa kumi na nane zikazimika, na maofisa wakashikwa na joto ndani ya makoti yao. Bwawa likafungwa. Vipaza sauti vya kwenye nguzo vikanyamaza, na watu wakasikia kuku wao.

Koridoni, balbu ya wati tisa nayo ilizimika.

Bi Mwasiti aliendelea kusimama chini yake. Mlinzi aliyefiwa na mama alivua kofia. Hata mchana ule, korido ile isiyo na dirisha ilikuwa na kiza kilekile cha siku ile, na alipotaka kutoka alipapasa ukuta kwa mkono, mistari ya mkaa ikamganda viganjani.

Mlangoni aligongana na Bi Siwema. Mkononi ana kandili, imeshawashwa.

"Nilipoona wamekazana kushangilia, nikajua," alisema. "Mafuta yapo ya wiki. Shika, shoga. Ile ya kwao imeshindwa kazi, hii haina Waziri."

Waliitundika kwenye msumari palepale. Ikawaka siku ya thelathini na saba, ya thelathini na nane, ya thelathini na tisa, na siku ya arubaini ikawaka mpaka jua lilipozama. Ndipo Bi Mwasiti alipoipuliza, kwa pumzi yake mwenyewe. Watu waliokuja kwenye arubaini walikuwa wengi, na hakuna aliyejikwaa.

*

Umeme ulirudi baada ya siku kumi na moja. Wizara ilitoa taarifa: kwa mara ya kwanza duniani, taifa limefikia uokoaji wa asilimia mia moja. Mheshimiwa Waziri alitunukiwa nishani. Kuhusu miti, mitatu iliyoungua ilijadiliwa kwa kina, kisha Wizara ya Misitu, iliyokuwa na wiki yake ya upandaji, ikaja na kwaya na kupanda mingine sita mahali palepale.

Bi Mwasiti hakusahauliwa. Afisa Lugendo alimletea Cheti cha Raia Mzimaji, cha kioo, chenye taa ndogondogo thelathini zinazozunguka nembo ya taifa. Kwa pamoja zilikuwa wati sitini. Kwa sheria, cheti cha Serikali kikishachomekwa hakizimwi.

"Mama atapenda kukitundika sebuleni," alisema Afisa, akiyakwepa macho yake. "Kwa wageni."

"Nitakitundika koridoni."

Afisa Lugendo alivua viatu, akapanda juu ya kigoda, akakitundika mwenyewe, na aliposhuka akakivuka kizingiti kwa hadhari, kama mtu anayekijua.

Sasa nchini mle umeme hukatwa Jumanne na Alhamisi, na siku hizo Bi Mwasiti huwasha kandili. Siku nyingine cheti kinawaka. Kila Jumatatu huweka kiti chini yake, akaandika barua ya kuomba misumeno miwili ya kukatia matawi Kilima cha Nguchiro, kwa maneno yaleyale aliyotumia mumewe, na chini anatia jina la mumewe na anwani, nyumba namba kumi na nne.

Ijumaa jibu linakuja. Wamepokea.